Goti la Nyangumi Katikati ya Jangwa

Mwaka 1989, katika jangwa la magharibi mwa Misri, mtafiti wa visukuku Philip Gingerich wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alikuta goti. Lilikuwa goti dogo, na mpita njia asingesimama kulitazama. Habari ilikuwa mwenye goti. Mifupa iliyolala karibu yake ilikuwa ya nyangumi wa zaidi ya mita 15.

Nyangumi tunayemjua leo hana goti. Hana paja, hana muundi, hana wayo. Ana mapezi mawili mbele, mkia mpana nyuma, na kati yake mwili ulionyooka usio na hata alama ya mguu. Lakini tangu zamani watu walijua kwamba huyu si samaki. Anavuta hewa kwa mapafu, damu yake ina joto, anazaa na kunyonyesha. Mnyama wa namna hiyo alifikaje baharini, na miguu yake aliiacha wapi? Goti lile lilikuwa jibu ambalo mtu angeweza kulishika mkononi.

Kabla ya hapo watafiti walikuwa wamepita kando ya mifupa mingi bila kujua waangalie wapi. Uti wa mgongo wa mnyama huyu ni mrefu mno, na hakuna aliyejua miguu inakaa sehemu gani ya mwili. Goti likawaonyesha. Wakaenda kwenye mifupa mingine, wakachimba sehemu ileile ya mgongo, na mapaja, miundi na vifundo vikaanza kujitokeza. Siku ya mwisho ya msafara, mwanaanthropolojia Holly Smith akapata vidole vya mguu: vijifupa vyembamba, kila kimoja kama sentimita mbili na nusu. Alitokwa na machozi. Ninapofikiria urefu wa mnyama yule na udogo wa vidole vile, namwelewa kabisa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1990 katika jarida la Science, yakiwa na majina ya Gingerich, Smith na Elwyn Simons. Mahali penyewe panaitwa Wadi Al-Hitan, kwa Kiarabu Bonde la Nyangumi, katika mkoa wa Fayum, kiasi cha kilomita 150 kusini magharibi mwa Kairo. Mwaka 2005 UNESCO ililiweka bonde hilo kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Bonde hili mara nyingi huelezwa kwa sentensi moja tu, kwamba ndipo walipopatikana nyangumi wenye miguu. Sentensi hiyo ni ya kweli, ila inaacha nje sehemu kubwa ya habari. Mguu peke yake ungeweza kupatikana popote. Kilicho adimu ni kwamba hapa bahari nzima ya kale imebaki na wakazi wake, wakubwa kwa wadogo, wengi wao wakiwa palepale walipofia. Ndiyo sababu tunaweza kuuliza nyangumi hawa walikuwa na umbo gani, na zaidi ya hapo walimla nani, walizalia wapi na nani aliwavizia watoto wao.

Bahari ilifikaje huko?

Bahari haikusafiri kwenda jangwani. Ilitangulia kuwapo, na jangwa likaja baadaye sana.

Miaka milioni 40 hadi 37 iliyopita, katika kipindi ambacho wanajiolojia hukiita Eosini, ramani ya dunia haikuwa hii. Kati ya Afrika na Ulaya na Asia ilikuwapo bahari kubwa iitwayo Tethys, na Mediterania ya leo ni sehemu ya mabaki yake. Kaskazini mwa Misri palikuwa chini ya maji ya kina kifupi, yenye joto. Kadiri Afrika ilivyosogea kaskazini, ardhi ikainuka, na maji yakarudi nyuma hatua kwa hatua. Kilichokuwa sakafu ya bahari kikawa pwani, pwani ikawa nchi kavu, na baada ya muda mrefu mno nchi kavu hiyo ikawa sehemu ya Sahara.

Ushahidi hauko kwenye mifupa peke yake. Bondeni kuna mizizi ya mikoko iliyogeuka jiwe. Mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye mikoko maji yakiwa yametoka hahitaji kuelezwa zaidi: mikoko haioti baharini penye mawimbi makali wala haioti mbali na chumvi. Inapenda matope, utulivu na maji yanayopwa na kujaa. Kuna pia visukuku vya kasa, mamba, papa na papa upanga, na vya nguva wa kale ambao nao bado walikuwa na mifupa ya miguu ya nyuma, kwa sababu nguva naye ametoka nchi kavu kwa njia yake mwenyewe, mbali kabisa na ukoo wa nyangumi.

Halafu kuna vijiwe vya duara bapa kama sarafu, vinavyoitwa numuliti. Hivi ni magamba ya viumbe wa seli moja walioishi chini ya bahari ileile, na ni vingi kiasi kwamba vimejenga tabaka nzima za mawe ya chokaa. Piramidi za Giza zimejengwa kwa mawe yaliyojaa numuliti. Strabo, mwanajiografia aliyeandika Kigiriki miaka 2,000 hivi iliyopita, alisimulia kwamba watu waliviona vijiwe hivyo karibu na piramidi wakasema ni dengu za wajenzi, chakula kilichobaki kikageuka jiwe. Walikuwa karibu na ukweli kuliko walivyodhani, kwa maana kweli vilikuwa vitu vilivyowahi kuwa hai.

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Mwaka 1964, huko Loperot, Turkana, kaskazini mwa Kenya, kulipatikana fuvu la nyangumi wa miaka milioni 17, kilomita 740 kutoka pwani ya leo ya Bahari ya Hindi, mahali palipo mita 620 juu ya usawa wa bahari. Bahari haikufika Turkana wakati huo. Nyangumi yule ndiye aliyepanda mto akapotea njia, na kwa kuwa nyangumi hawezi kupanda maporomoko, fuvu lake limewasaidia wanajiolojia kukadiria kwamba enzi hizo eneo lile lilikuwa chini sana na lilikuja kuinuka baadaye. Wadi Al-Hitan ni kisa kingine. Hapa hakuna aliyepotea. Nyangumi walikuwa nyumbani.

Mjusi mfalme ambaye hakuwa mjusi

Mwenye goti lile ana jina la kupotosha: Basilosaurus, yaani mjusi mfalme. Jina lina historia yake, na historia hiyo inafundisha namna wataalamu wanavyousoma mfupa.

Mwaka 1834 Richard Harlan, daktari na mtaalamu wa viumbe wa Marekani, alipelekewa mifupa mikubwa kutoka Louisiana na Alabama. Pingili za mgongo zilikuwa kubwa na ndefu kuliko alizowahi kuona. Akadhani ni za mtambaazi mkubwa wa baharini, akampa jina hilo. Miaka mitano baadaye mifupa ikafika London mikononi mwa mtaalamu wa anatomia Richard Owen, naye akaangalia meno. Meno ya mbele yalikuwa tofauti na ya nyuma, na magego yalikuwa na mizizi miwili kila moja. Meno ya mtambaazi kwa kawaida hufanana kuanzia mbele hadi nyuma, kila jino na mzizi mmoja. Meno ya kazi tofauti mdomoni mwa mnyama mmoja, yenye mizizi miwili, ni alama ya mamalia. Owen akasema huyu ni wa ukoo wa nyangumi, akapendekeza jina jipya, Zeuglodon. Lakini kanuni ya kuwapa viumbe majina inasema la kwanza ndilo linalobaki, hata likiwa limekosewa. Ndiyo maana hadi leo nyangumi anaitwa mjusi.

Wapo waliokosea kwa makusudi. Mwaka 1845 Albert Koch aliunganisha mifupa ya wanyama kadhaa wa aina hii, akaitandaza mjini New York kwa urefu wa mita 35 hivi, na kuwaonyesha watu kuwa ni joka la baharini. Wataalamu walimuumbua kwa kutazama meno, na kwa kuona kwamba mifupa ile haikuwa ya mnyama mmoja.

Upande wa Misri, mabaki ya kwanza ya nyangumi wa kale yalipatikana mwaka 1879, pale mtafiti Mjerumani Georg Schweinfurth alipochunguza kisiwa kilicho katikati ya Ziwa Qarun, Fayum. Mwanzoni mwa karne ya 20 Hugh Beadnell, aliyekuwa akipima miamba ya eneo hilo, alifika kwenye bonde lenyewe. Aina ya Misri ikapewa jina la mungu wa kike wa Wamisri wa kale: Basilosaurus isis. Baada ya hapo bonde likakaa miongo mingi bila kuguswa sana. Lilikuwa mbali, halina maji, na magari ya enzi hizo hayakuweza kulifikia kwa urahisi.

Tunajuaje kwamba ni nyangumi, na kwamba aliishi majini tu?

Mtu anaweza kuuliza, na ni swali la haki: mnyama mwenye miguu anaitwaje nyangumi? Kwa nini tusiseme ni mnyama mwingine tu, aliyekufa na ukoo wake?

Jibu la kwanza liko sikioni. Nyangumi wote, wa leo na wa kale, wana mfupa wa sikio ambao ukingo wake mmoja umenenepa na kuwa mzito kama jiwe. Umbo hilo ni adimu mno kwa wanyama wengine. Basilosaurus analo. Taya lake la chini nalo lina uwazi mkubwa upande wa nyuma, kama la pomboo wa leo, mahali ambapo mafuta hupitisha sauti kutoka majini hadi sikioni. Mnyama anayesikia kwa taya ni mnyama wa majini.

Jibu la pili ni pua. Kwa mnyama wa nchi kavu, tundu za pua ziko nchani mwa uso. Kwa nyangumi wa leo ziko utosini. Kwa Basilosaurus ziko kati, zimekwisha kuanza safari ya kurudi nyuma.

La tatu ni nyonga. Kwako wewe na mimi, na kwa ng'ombe na paka, nyonga imeshikana na uti wa mgongo, na ndiyo maana miguu inaweza kubeba mwili. Nyonga ya Basilosaurus imeachana na uti wa mgongo, ikabaki ikielea ndani ya nyama. Miguu iliyoshikizwa kwenye nyonga ya namna hiyo haiwezi kubeba chochote, sembuse mwili wa tani kadhaa. Mnyama huyu akitupwa ufukweni hakuwa na namna ya kujisogeza kurudi majini. Alizaliwa majini, akala majini, akafa majini.

Sasa turudi kwenye mguu wenyewe, maana hapa ndipo penye utamu. Ni mfupi kuliko mkono wa mtu mzima. Una mfupa wa paja, pia ya goti, mifupa miwili ya muundi, mifupa ya kifundo iliyoungana, na vidole vitatu. Kila kipande kipo na kila kiungo kina umbo lake. Goti lilikuwa na uwezo wa kukunja. Hiki hakikuwa kipande cha mfupa kilichosahaulika mwilini. Ni mguu kamili uliopunguzwa ukubwa hadi ukakosa kazi ya kutembea. Gingerich na wenzake walipendekeza kwamba huenda ulisaidia wakati wa kujamiiana, kumshikilia mwenzi wa mwili mrefu na laini ndani ya maji. Ni pendekezo la busara, ingawa mifupa haiwezi kulithibitisha yenyewe.

Na miguu haijaondoka kabisa hata leo. Nyangumi na pomboo wengi bado wana vijifupa viwili vya nyonga vilivyozama ndani ya nyama, na misuli ya viungo vya uzazi vya dume hushika hapo. Kiinitete cha pomboo huota vichipukizi vya miguu ya nyuma, kisha vichipukizi hivyo hunywea kabla hajazaliwa. Mwaka 2006, karibu na Taiji nchini Japani, wavuvi walimkamata pomboo mwenye mapezi mawili ya ziada upande wa nyuma, palepale ambapo miguu ingekuwa. Ramani ya mguu bado imo ndani ya mwili, ni vile tu kazi hukatizwa njiani.

Kiboko ni binamu, si babu

Kama nyangumi alitoka nchi kavu, ukoo wake ni upi? Hapa pana hadithi ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inamhusu mtu yuleyule aliyekuta goti, safari hii akigundua kwamba amekosea.

Kwa miaka mingi Gingerich na watafiti wengine wa visukuku waliamini kwamba nyangumi walitokana na wanyama wa kale wala nyama walioitwa mesonikidi, kwa sababu meno yao yalifanana. Wataalamu wa vinasaba walisema vingine. Ukilinganisha nyangumi na wanyama walio hai leo, walisema, ndugu yake wa karibu zaidi ni kiboko. Watu wa mifupa hawakukubali. Kisha kutoka Pakistan kukaja mifupa ya vifundo vya miguu ya nyangumi wa kale zaidi kuliko wale wa Misri, ikachapishwa mwaka 2001. Mfupa mmoja wa kifundo ulikuwa na umbo la kapi juu na kapi jingine chini, kama gurudumu lenye mfereji wa kamba kila upande. Mfupa wa umbo hilo unao ng'ombe, mbuzi, swala, ngamia, nguruwe na kiboko, yaani kundi la wanyama wenye kwato zilizogawanyika, na hauko kwa mwingine yeyote. Gingerich aliutazama ushahidi aliouchimba mwenyewe akabadili msimamo wake hadharani.

Watu hulisikia hili na kudhani kwamba kiboko alizama mtoni, akakaa, akageuka nyangumi. Sivyo. Ukoo wa nyangumi una wazee wa miaka milioni 50 hivi, kama Pakicetus wa Pakistan, mnyama wa ukubwa wa mbwa mwitu aliyetembea kwa miguu minne kando ya mito. Viboko tunaowafahamu walikuja baadaye sana. Hao wawili wana babu mmoja wa zamani mno, ambaye hakuwa nyangumi wala kiboko. Ni mabinamu.

Tahadhari hiyohiyo inamhusu Basilosaurus. Yeye si babu wa nyangumi wa leo. Mwili wake mrefu kama wa nyoka ulikuwa njia ya pembeni iliyoishia kwake. Ukitafuta mnyama aliye karibu zaidi na shina lililozaa nyangumi wa sasa, unamtafuta kwa mwenzake mdogo wa bonde lilelile, Dorudon, au kwa ndugu wa Dorudon.

Nani alimla nani

Dorudon alikuwa na urefu wa mita 5 hivi na umbo linalokaribia la pomboo. Mifupa yake ilipoanza kupatikana Fayum, wapo waliodhani ni watoto wa Basilosaurus. Ilikuwa dhana ya kueleweka, kwani mafuvu yanafanana na mengi ya Dorudon yalikuwa ya wanyama wachanga kweli. Dhana hiyo iliondoka walipopatikana Dorudon waliokwisha kukomaa, ambao mifupa yao ilikuwa imefunga kabisa na isingeweza kurefuka zaidi.

Lakini wale wachanga hawakuondoka. Walikuwa wengi mno, baadhi wakiwa bado na meno ya utotoni. Na kwenye mafuvu yao kulikuwa na matundu. Mwaka 2012 mtafiti Julia Fahlke alichapisha kazi aliyolinganisha matundu hayo na mpangilio wa meno ya wanyama walioishi humo. Yalilingana na meno ya Basilosaurus. Watoto wa Dorudon walikuwa wanaumwa kichwani.

Kisha ukaja ushahidi wa tumboni. Mwaka 2010 kulichimbuliwa bondeni Basilosaurus mkubwa, na ndani na kuzunguka mwili wake kulikuwa na mifupa ya wanyama wengine: samaki wakubwa wa aina ya Pycnodus na Dorudon wadogo, mifupa yao ikiwa imevunjwa na kutafunwa. Manja Voss na wenzake walichapisha uchambuzi huo mwaka 2019, wakaeleza kwamba hiki kilikuwa chakula chake. Papa walikuwapo pia, na meno yao yalipatikana kwenye mzoga, bila shaka walipokuja kula mabaki.

Weka vipande hivyo pamoja, na bonde linakuwa kitu kingine. Maji ya kina kifupi, yenye joto na utulivu, ndipo majike wa Dorudon walipokuja kuzaa. Watoto wa Basilosaurus hawaonekani hapo, kwa hiyo huyu mkubwa huenda alizalia kwingine na kuja hapa kuwinda, akijua msimu wa watoto. Nyangumi wauaji wa leo hufanya vivyo hivyo kwa ndama wa nyangumi wengine. Tabia haigeuki jiwe, na kwa kawaida hakuna anayetarajia kuiona kwenye mwamba. Hapa imeacha alama za meno.

Mambo haya hayawezi kusomwa kwenye kisukuku kimoja, hata kingekuwa kizuri namna gani. Unahitaji wazee na watoto, mwindaji na mawindo, samaki, papa na mikoko, vyote vya wakati mmoja na mahali pamoja. Bondeni kuna mamia ya mifupa ya nyangumi ndani ya kilomita za mraba zipatazo 200, mingi ikiwa bado imepangika kama mwili ulivyokuwa.

Vidole vilivyobakije?

Pale Alabama, mifupa ya Basilosaurus ilijulikana tangu karne ya 19, lakini hakuna aliyekuwa ameona wayo. Sababu yake ni rahisi. Nyangumi anapokufa, nyama huoza, viungo huachia, na mkondo wa maji huchukua vitu vidogo kwanza. Pingili yenye uzito wa jiwe kubwa hubaki. Kidole cha sentimita mbili na nusu hakibaki, labda maji yawe yametulia kabisa na mchanga au tope laini lije kukifunika mapema.

Ndivyo ilivyokuwa Wadi Al-Hitan. Mzoga ulizama kwenye sakafu isiyo na misukosuko. Mashapo yakaufunika taratibu, madini yaliyoyeyuka majini yakaingia kwenye vitundu vya mfupa na kuugandisha. Juu yake zikaja tabaka nyingine, na nyingine. Bahari ilipoondoka, kazi ikashikwa na upepo. Upepo wa jangwani wenye mchanga hula mwamba laini haraka kuliko unavyokula mfupa uliogeuka jiwe, kwa hiyo mifupa hujitokeza yenyewe. Mgeni anayetembea humo leo huona pingili zimejipanga juu ya mchanga, moja baada ya nyingine, kwa mita kadhaa, na wakati mwingine zimeinuka juu ya kichuguu kidogo cha mwamba kilichokingwa na mfupa wenyewe.

Upepo huohuo hauna huruma. Mfupa ukishatoka nje, mchanga huanza kuusugua. Jua la mchana na baridi ya usiku huupasua, na chumvi na jasi zilizomo ndani yake zikigeuka fuwele hupanuka na kuutenganisha vipande vipande. Kila kisukuku kina muda wake: ukikiwahi kinasema, ukichelewa ni unga. Gari likipita juu yake, kazi ya miaka milioni 37 inaisha kwa sekunde moja. Eneo la Wadi El-Rayan, ambalo bonde limo ndani yake, lilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1989, mwaka uleule wa goti, na sasa magari huachwa mlangoni na wageni hufuata njia za miguu zilizowekewa alama. Mwaka 2016 ilifunguliwa makumbusho ndogo ya visukuku na mabadiliko ya tabianchi, jengo la kuba lenye rangi ya mchanga unaolizunguka, na ndani yake amelazwa Basilosaurus mzima. Naiona kuwa njia nzuri kuliko kuibeba mifupa yote kuipeleka miji ya mbali. Mfupa ukitolewa kwenye mwamba wake bila kumbukumbu, yale maswali ya nani alikuwa jirani ya nani hayajibiki tena.

Jambo jingine limebadilika, nalo linanifurahisha. Zamani majina kwenye machapisho ya Fayum yalikuwa ya Wazungu na Wamarekani. Sasa yanaongozwa na Wamisri wenyewe, wengi wao wakiwa wamekusanyika kwenye kituo alichokianzisha Hesham Sallam katika Chuo Kikuu cha Mansoura. Mwaka 2021 timu yao ikiongozwa na Abdullah Gohar ilimtangaza Phiomicetus anubis, nyangumi wa miaka milioni 43 ambaye bado aliweza kutembea nchi kavu, mwenye urefu wa mita 3 hivi. Mwaka 2023 wakamtangaza mwingine, kazi iliyoongozwa na Mohammed Antar: Tutcetus rayanensis, wa miaka milioni 41, aliyepewa jina la Tutankhamun, yule farao aliyefariki akiwa kijana. Alikuwa na urefu wa mita 2.5 na uzito unaokadiriwa kuwa kilo 187, mdogo kuliko wote wanaojulikana wa ukoo wa Basilosaurus. Naye alikufa kabla hajamaliza kukua, kama mifupa yake inavyoonyesha. Alikuwa amefungwa ndani ya bonge gumu la chokaa, na walipolichonga taratibu wakamtoa humo: fuvu, mataya, mfupa wa koo, na pingili ya kwanza ya shingo.